Jembe Lililong'olewa Mwamkulu

Maji ya wali ndiyo kwanza yalikuwa yanachemka, lakini nyumba nzima ya Restituta ilinuka wali ulioungua. Alifunua sufuria, akainusa, akanusa hata kanga yake. Harufu ilitoka nje, upande wa kaburi la Katarina.

Katarina alikuwa mke wa kwanza wa Fabiani. Uchungu wa uzazi ulimkamata sufuria ikiwa motoni. Mtoto akapona, mama akafa, na wali ukaungua mpaka ukawa mkaa kwa kukosa mtu wa kuuepua. Siku ya mazishi mzee Lyamba, babake Fabiani, alididimiza jembe la chuma juu ya kaburi, ili marehemu asirudi kumdai mwanawe. Baadaye Restituta akaolewa, akamlea Angela, na mtoto hakuwahi kuambiwa kwamba aliyemzaa ni mwingine.

Kisha akaja Yotham, mtafiti, kufukia kifaa cha kupimia sumaku kwenye kiwanja chao. Aliwaeleza kwamba mbali huko juu dunia imezungukwa na mikanda ya mionzi inayoharibu setilaiti. Sumaku ya dunia ikitikiswa huko, mtikisiko hufika mpaka ardhini Mwamkulu, na kifaa huunasa. Sharti ni moja, chuma kisiwe karibu. Baiskeli ikahamishwa, mabati machakavu yakatupwa. Jembe la kaburini aliling'oa Restituta mwenyewe, wala hakulazimishwa. Alikuwa amechoka kuchungwa na mke mwenza aliyekufa.

Tangu hapo harufu ilikuja kila jua lilipofika utosini. Siku moja Yotham akapiga simu.

"Dada Resti, mchana kuna mtu anapita na chuma hapo? Naona mawimbi ya polepole, vituo vingine haviyapati. Kama kitu kinatembea."

"Kinaenda wapi?" Restituta alinong'ona.

"Sijui, dada. Ila kinazidi kuwa kikubwa."

Hakukata hata simu, kwa sababu nyuma yake alisikia mwiko ukikwangua ukoko, taratibu, na harufu ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alipogeuka akamwona Angela amekaa kizingitini, kichwa ameinamisha, akicheka chinichini kama mtoto anayesukwa, na kweli nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa mistari myembamba ya mtindo ambao Restituta hakuujua.

"Nani kakusuka?"

"Huyu hapa."

Mzee Lyamba aliitwa. Alikuja na jembe lilelile, uso umekunjamana.

"Nyie mmemfungulia mlango wenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

Akalididimiza tena huku akimsihi marehemu kwa Kikonongo, mpaka jasho likamlowesha. Harufu ikakatika papo hapo. Yotham aliambiwa aje achukue kifaa chake, na Restituta akalia kwa furaha, akapakua chakula, akaketi mkekani karibu na mwanawe kama kawaida. Roho yake ilitulia kwa mara ya kwanza.

Angela hakugusa sahani. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgeni.

"Mama mdogo," alisema, neno ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha. "Sogea kidogo. Umekaa mahali pa mama."

Restituta akasogea.