Waya Mnene wa Kaari

Kila jioni, baada ya kumkatia ng'ombe nyasi, Kaari alirudi mbio shuleni kwa mazoezi ya bendi. Shule yao ya Runyenjes ilikuwa na gitaa moja tu la umeme, tena la kuazimwa kanisani, naye ndiye aliyelipiga. Ijumaa wangeenda Embu kwenye tamasha la muziki.

Jumatatu gitaa lilianza kuvuma. Lilivuma kama mzinga wa nyuki hata kabla Kaari hajagusa uzi. Mwalimu Kivuti alizima amplifaya, akauliza nani aliyelitoa kanisani. Alikuwa Adrian, mpiga ngoma, aliyelibeba kwa bodaboda. Adrian aliapa kwamba hakuligongesha popote, lakini wenzake walikwisha kumbatiza Fundi Vunja. Mwalimu akamwambia akae nje ya bendi mpaka ukweli ujulikane.

Kaari alijishughulisha na kukaza nyuzi. Alijua kuwa siku hiyohiyo ndipo alipochomeka waya mpya kati ya gitaa na amplifaya. Waya wa zamani ulikuwa umekatika, naye akatumwa sokoni kununua mwingine. Dukani, muuzaji, Mama Jamilah, alimwuliza kama alitaka waya wa gitaa au wa spika. Kaari aliona haya kusema hajui tofauti. Alizipima nyaya mkononi, jinsi baba yake anavyochagua kamba ya ng'ombe, akasema anataka ule mnene, mzito, wenye vichwa vya kuchomeka vinavyong'aa. Mwalimu alipouona, alimsifu mbele ya wote.

Sasa angeanzia wapi? Jumanne alifuta vichwa vya waya kwa kitambaa, akahamisha amplifaya kutoka ukuta hadi ukuta, akaomba Mungu. Mvumo haukupungua. Jumatano alimwona Adrian ameketi nje, akijipigia mapaja kwa vijiti viwili, akageuza njia asipite karibu naye. Alhamisi mchana Mwalimu alitangaza kwamba gitaa litarudishwa kanisani likiwa bovu, na bendi itakwenda Embu bila gitaa.

Kaari alimfuata hadi mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, si Adrian. Nafikiri ni waya. Niliuchagua bila kujua, nikaogopa kuuliza."

"Umefikiri hivyo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

 Mwalimu aliuchukua ule waya na kumwambia waende dukani.

Mama Jamilah alifungua kichwa cha waya kwa vidole. "Nilikuuliza, binti yangu, ukanijibu unataka mnene."

Ndani mlikuwa na nyaya mbili, hazikuzungukwa na kitu. Alieleza kwamba huo ni wa spika, na kwa spika ni mzuri. Sauti inayotoka kwenye gitaa ni dhaifu. Inahitaji waya mmoja uliozungukwa na wavu wa shaba pande zote, ili mvumo wa umeme usiingie. Akamfundisha pia kuchagua kichwa kinachofunguka, aone kama kimelehemiwa vizuri, na kuukunja waya karibu na kichwa huku gitaa likilia. Sauti ikikwaruza, auache waya huo. Kisha akakubali kuubadilisha, akamwacha Kaari achague mwenyewe.

Kaari alifungua vichwa vya nyaya tatu. Wa tatu ulikuwa mwembamba, usio na mng'ao wowote, lakini wavu wake ulikuwa umesukwa vizuri.

Jioni hiyo walipowasha amplifaya, hakuna kilichovuma. Kaari alipiga uzi mmoja, sauti ikatoka safi. Kabla ya kupiga wa pili, alimwita Adrian ndani, akamwomba msamaha mbele ya bendi nzima na kueleza yote.

"Basi Fundi Vunja ni wewe," Adrian alisema, akaketi kwenye ngoma zake. Hakutabasamu.

Mwalimu Kivuti alingoja kicheko cha wanabendi kiishe. "Mimi pia nilimhukumu Adrian bila ushahidi. Nisamehe, Adrian," alisema. Kisha akamgeukia Kaari. "Kutojua si kosa, ungeuliza, ungejua. Waya tumeubadilisha kwa nusu saa. Siku nne za mwenzako tutazibadilisha na nini?"

 Kaari alishika gitaa, akangoja Adrian ahesabu mapigo ndipo waanze.