Fundi Rangi na Chumba cha Moshi

Fundi Rangi alikuwa mtu wa nyumba tupu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba ambazo wenyewe bado hawajahamia. Aliingia asubuhi na ndoo, brashi na ngazi. Alipaka dari, akapaka kuta, akakusanya vitu vyake. Wenye nyumba walipokuja na vitanda na watoto, yeye alikuwa ameshaondoka. Kutwa nzima alisikia sauti ya brashi yake tu.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga. Mama yake, aliyeishi naye hapo, alifariki mwaka uliopita. Lakini Fundi Rangi bado alipika chakula cha watu wawili. Mkono ulikuwa haujajifunza kupunguza. Alikula nusu, akafunika nusu, akaimalizia asubuhi. Kaka yake aliishi mbali. Alipiga simu mara moja moja. "Mzima?" "Mzima." "Haya." Simu ikawa imekwisha. Upweke ulimuuma, ila hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja aliona tangazo ukutani. Kikosi cha zimamoto kilitafuta askari wapya. Umri usizidi miaka thelathini. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tisa na miezi minane. Alilisoma mara mbili. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alitaka, angalau mara moja, kuingia kwenye nyumba yenye watu ndani.

Walifika waombaji arobaini. Daktari aliwapima presha, macho na mapafu. Kisha wakakimbia. Kisha wakapanda ghorofa nne, kila mtu na mpira mzito wa maji begani. Fundi Rangi alipita kote huko. Kwenye ngazi ndefu wenzake walipanda wakitetemeka. Yeye alipanda kama anakwenda kupaka dari.

Mtihani wa mwisho ulikuwa chumba cha moshi. Lilikuwa jengo dogo lisilo na madirisha. Ndani walijaza moshi wa mazoezi, usiodhuru mtu. Waombaji waliingia wawili wawili, wamevaa barakoa na kubeba mitungi ya hewa mgongoni. Kazi yao ilikuwa kutafuta sanamu kubwa yenye uzito wa mtu na kuitoa nje.

Fundi Rangi alipangwa na dada mmoja waliyemwita Kipa, kwa sababu alikuwa mlinda mlango wa timu ya mpira. Waliingia wakitambaa. Giza lilikuwa zito. Baada ya muda mfupi Kipa aliita, "Kaka, ngoja kidogo. Mkanda wangu umenasa."

Fundi Rangi alimsikia. Hakujibu. Alijiambia, "Nikimaliza kazi haraka, tutapita wote." Aliendelea mbele. Aliipapasa sanamu kwenye kona, akaikumbatia kwapani, akaivuta mpaka nje. Alitumia dakika tisa. Siku ile hakuna aliyekuwa na kasi kama yake. Alivua barakoa huku anatabasamu.

Mkufunzi, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, hakutabasamu.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza.

"Amenasa huko ndani, afande. Lakini sanamu hii hapa."

"Kwa hiyo umeokoa sanamu, ukamwacha mtu."

Walinzi wa mazoezi waliingia wakamtoa Kipa. Hakuwa ameumia, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Alipita mbele ya Fundi Rangi bila kumtazama.

"Nyote wawili mmefeli," alisema mkufunzi. "Mtarudia baada ya wiki sita. Mkifeli tena, hakuna mara ya tatu."

Fundi Rangi alirudi nyumbani akakaa sakafuni kwenye korido, mbele ya mlango wake. Hata kupika hakutamani. Akifeli tena, mwaka ujao umri ungekuwa umempita. Angerudi kwenye nyumba tupu hadi uzeeni.

Mlango wa mbele yake ulifunguka. Alitoka jirani yake, dada mmoja aliyeishi na mama yake. Kwa miaka miwili Fundi Rangi hakuwahi kumwambia neno zaidi ya "habari" na "nzuri."

"Kaka, hiyo namba kifuani si ya mtihani wa zimamoto?" aliuliza jirani. "Mimi niko pale pale. Napokea simu za dharura. Vipi, umepita?"

Fundi Rangi alifungua mdomo kusema hapana. Badala yake alieleza yote. Tangu mama yake afariki, hakuwahi kuongea muda mrefu hivyo.

"Shida yangu si nguvu, dada," alimaliza. "Nimezoea kuwa peke yangu. Aliniita na nilimsikia. Nilimsikia kabisa." Aliona aibu, akainama.

Jirani alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Sikiliza," alisema. "Zimamoto hakuna shujaa wa peke yake. Wanaingia wawili, wanatoka wawili. Unajua kwa nini? Hewa. Mtungi una hewa ya muda mfupi. Mtu akinasa gizani anaogopa. Akiogopa anapumua haraka, na hewa inakwisha. Mwenzake akimshika bega na kumsemesha, anatulia. Akitulia, hewa inadumu."

"Kwa kusemeshwa tu?"

"Kwa kusemeshwa tu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Mtu anapiga simu, nyumba inaungua. Kwanza namuuliza yuko wapi, ili gari litoke. Kisha namwambia, inama, tambaa, maana moshi unapanda juu na hewa nafuu iko chini. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia nyingine. Ukipita mlango, ufunge nyuma yako, moto usikufuate. Ukishatoka, usirudi kuchukua kitu, hata kama ni nini. Na simu siikati. Nabaki naye mpaka wenzangu wafike."

Fundi Rangi aliitazama korido tupu. "Mimi sina wa kufanya naye mazoezi," alisema.

"Korido hii ina watu watatu," alijibu jirani. "Wewe ndiye hujui."

Wakaanza siku iliyofuata. Jioni ambazo jirani hakuwa zamu, walifunga macho kwa vitambaa na kutambaa koridoni. Mkono mmoja ukutani, usiuache, maana ukuta ndio utakaokurudisha mlangoni. Mkono wa pili kwenye kifundo cha mguu wa mwenzako. Kila baada ya hatua chache, sema uko wapi, unagusa nini, na hewa imebaki kiasi gani.

Kutambaa alikuweza. Kusema kulimshinda. Alifika mwisho wa korido bila kutoa sauti. Mama wa jirani, aliyekaa kwenye kiti akichambua mboga, alikuwa akimtazama.

"Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema mama yule. "Chako wewe hakina hata kikohozi. Hebu sema, mwanangu."

"Niseme nini, mama?"

"Unachogusa."

"Nagusa ndoo."

"Ya nani?"

"Sijui, mama."

"Ni yangu. Miaka miwili unairuka hapo."

Jirani alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka machoni. Fundi Rangi naye alicheka, akaanza upya. "Nipo kwenye ndoo ya mama. Ukuta uko kushoto. Hewa ipo nusu. Uko sawa?" Sauti yake ilimshangaza mwenyewe.

Mazoezi yalipokwisha, kila mtu aliingia kwake. Hapo upweke ulimrudia, tena mkali kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alisikia watu wakiongea ng'ambo ya pili. Lakini kila jioni ya mazoezi alitoka tena.

Wiki sita zikaisha. Fundi Rangi alimkuta Kipa mlangoni mwa chumba cha moshi, anafunga mkanda wa mtungi.

"Ndiyo wewe tena," alisema Kipa. "Tulifeli wawili kwa kosa la mmoja."

"Kosa langu," alisema Fundi Rangi. "Nilikusikia ukiniita, nikakuacha. Nisamehe. Leo sikuachi."

Kipa alikaza mkanda wake. "Kuongea unaweza kumbe," alisema. "Haya, twende."

Mkufunzi aliwakumbusha sheria moja. Kengele ya mtungi, ile inayoonya kuwa hewa inakaribia kwisha, ikilia kwa mmoja, wote wawili wanatoka.

Wakaingia. "Ukuta uko kulia," alisema Fundi Rangi. "Naona meza. Hapana, sioni, nagusa. Uko sawa?"

"Niko sawa," alijibu Kipa nyuma yake, mkono wake ukiwa kwenye kifundo cha mguu wa Fundi Rangi. Walipita meza. Walipita kitanda. Kipa alisita kwenye njia nyembamba, na pumzi zake zikaanza kwenda mbio. Fundi Rangi aliacha kutambaa. Alirudisha mkono, akamshika bega.

"Pumua taratibu. Nipo. Siendi popote."

Pumzi za Kipa zikatulia. Wakasonga tena. Fundi Rangi alinyoosha mkono, na vidole vyake vikagusa kiatu cha sanamu. Wakati huo huo kengele ya mtungi wa Kipa ikalia.

Mtungi wa Fundi Rangi ulikuwa bado na hewa. Sanamu ilikuwa mkononi mwake. Kuivuta kungechukua dakika tatu au nne. Aliikumbuka miezi michache iliyobaki kabla ya kutimiza miaka thelathini, na moyo wake ulimuuma.

Aliachia kiatu. "Tunatoka," alisema. "Tangulia. Nimekushika mguu."

Walitoka mikono mitupu. Fundi Rangi alivua barakoa akakaa chini. Hakuthubutu kumtazama Kipa. Mkufunzi aliandika kwa muda mrefu.

"Ile mitungi tuliipunguza hewa makusudi," alisema hatimaye. "Jozi mbili kabla yenu zilisikia kengele zikakaidi. Zimetoka na sanamu."

"Zimepita?" aliuliza Kipa.

"Zimefeli. Askari aliyeishiwa hewa ni majeruhi mwingine wa kuokolewa. Anayetoka akasema majeruhi yuko wapi, timu yenye hewa inaingia na kumtoa. Haya, niambieni, sanamu iko wapi?"

"Kona ya kulia, baada ya kitanda," walisema wote kwa pamoja.

"Mmepita. Mafunzo yanaanza mwezi ujao. Miezi sita, na ni magumu kuliko haya."

Kipa alimpiga Fundi Rangi kofi la mgongo na kukimbilia getini, ambako dada zake watatu walikuwa wakimsubiri. Walimkumbatia wakapiga vigelegele. Fundi Rangi alisimama peke yake uwanjani. Habari ilikuwa kubwa mno kubebwa na mtu mmoja.

Alimpigia kaka yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akamfikiria jirani. Jirani alikuwa zamu, na wakiwa zamu simu zao hufungiwa kabatini. Namba moja tu ingempata pale alipo, ile ya dharura, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kila ukuta. Fundi Rangi aliitazama, akarudisha simu mfukoni. Namba ile ni ya mtu ambaye nyumba yake inaungua.

Basi akatembea. Alifika kituo cha zimamoto saa kumi, na zamu ilikuwa inaisha saa kumi na mbili. Alisimama nje ya geti. Watu walipita na hakuna aliyemjua. Saa mbili zilikuwa ndefu, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusubiri mtu.

Jirani alitoka amechoka, viatu mkononi. Alipomwona alisimama ghafla, akaogopa kuuliza.

Njia nzima Fundi Rangi alikuwa amepanga maneno. Yote yalimtoka kichwani.

"Tumetoka wote wawili," alisema.

Jirani alikaa ukingoni mwa barabara akalia kidogo, kisha akavaa viatu vyake. Walirudi nyumbani pamoja, na njia nzima aliyekuwa akiongea ni Fundi Rangi.