Aliyeitikia Saba

Mambo mengi ya safari ile Vifungo ameshayapatia majibu. Anajua kwa nini walichelewa kuanza, anajua nani alisahau soksi za akiba, anajua hata lile jiwe lilikuwa hatua ngapi kutoka njiani. Swali moja tu limemshinda mpaka leo, naye halitaji ila kwa mtu anayemwamini sana: ile mara ya tatu, saba iliitikiwa na nani?

Vifungo si jina alilopewa na wazazi. Ni la kazini. Katika karakana ile ya kushona sare za shule kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Aliyepiga pasi aliitwa Pasi, aliyeshona kola aliitwa Kola, na yeye, kwa kuwa alikaa kwenye mashine ya vifungo, akawa Vifungo. Walikuwa kumi na wawili chini ya taa ndefu nyeupe, na kila mashine ilipakwa namba nyekundu ubavuni. Kola alikuwa saba. Vifungo, jirani yake, nane.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi msimamizi alisimama mbele ya ubao, mgongo kwa wafanyakazi, chaki mkononi, akaita namba. "Moja!" "Nipo." "Mbili!" "Nipo." Kila aliyeitikia aliwekewa alama, asiyeitikia alifungiwa mlango hadi adhuhuri. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na imani kubwa na masikio yake, wala hakugeuka hata siku moja.

Sasa, Kola alikuwa akimuuguza mama yake, na anayeuguza hana saa. Kabla ya kutoka lazima amlishe, amgeuze ubavu, ambadilishie shuka. Kwa hiyo mara mbili tatu kwa wiki, "Saba!" ilipoitwa, Vifungo aliinamisha kichwa, akabana pua kwa vidole viwili, akasema kwa sauti nyembamba, "Nipo."

Haikufanana na sauti ya Kola hata kidogo. Kola alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Karakana nzima ilijua.

"Leo Kola ana mafua," Pasi alizoea kunong'ona, na safu yote ikatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Dakika kumi baadaye Kola angepenya kwa mlango wa nyuma, kati ya majora ya vitambaa, akaketi na kumfinya rafiki yake paja. "Mungu akuweke, shoga."

"Akuweke wewe kwanza, mchelewaji mkubwa."

"Kawia ufike, mwenzangu. Na mimi si nafika?"

Hivyo kwa miaka minne. Kama ulikuwa uongo, ulikuwa uongo wa kupendana, na hakuna aliyeuona una madhara.

Walipomaliza oda kubwa ya mwaka, msimamizi aliwaandalia zawadi: siku mbili mlimani, kulala kibandani, kisha kupanda usiku ili wafike kileleni jua linapochomoza juu ya mawingu. Kola hakutaka kwenda. "Mama nitamwacha na nani?" Ni Vifungo aliyemshawishi. Alimtafutia jirani wa kukaa na mgonjwa, akamwazima koti zito, akamwambia, "Wewe jua hujawahi kuliona likichomoza bila beseni mkononi. Siku mbili tu. Mama hatakimbia."

Kola alicheka, akakubali.

Kibandani mwongozaji, mtu mfupi mwenye mashavu yaliyobabuka kwa baridi, aliwapa sharti moja. "Kila tukisimama nitawahesabu. Gizani sioni nyuso, nasikia sauti. Mmoja akikosekana, wote tunageuka. Hakuna kujadiliana."

"Watumie namba zao za mashine," msimamizi alisema. "Wamezizoea."

Watu wakacheka. Hata Vifungo alicheka.

Waliondoka saa saba usiku, wamepangana mmoja mmoja, taa ndogo zimefungwa vichwani. Baada ya saa moja namba tatu alishikwa na kichwa na kutapika, na mwongozaji wa pili, aliyekuwa akifunga mkia, akamteremsha. Wakabaki wafanyakazi kumi na mmoja, mbali na msimamizi, na mwongozaji mmoja mbele. Mkiani pakawa na Kola. Mbele yake Vifungo.

Baridi ya juu kule si ile ya kuvuta shuka. Iliingia puani ikauma meno kwa ndani. Umande ulikuwa umeganda njiani, mweupe, ukivunjika chini ya viatu kama mkate mkavu. Walikuwa wanakaribia jiwe moja kubwa lililoinama kama mtu anayetafuta kitu chini, Kola aliposimama.

"Tangulia. Kamba ya kiatu imefunguka, na vidole havinisikii."

"Nikusubiri?"

"Usimame hapa ugande? Nenda, nitakukuta. Wakiita, niitikie." Akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza, akaketi kwenye jiwe.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Mwongozaji aliita. "Saba!" Vifungo akabana pua kwa vidole vya glovu. "Nipo." Mbele yake Pasi alikoroma kwa kicheko. "Jamani, mafua yake yamempandia mpaka huku!" Wakaendelea.

Kituo cha pili kilikuwa saa tisa na nusu. Vifungo aliangalia nyuma. Chini, mbali, palikuwa na nuru moja ndogo. Aliitazama akingoja isogee. Haikusogea.

Hapo ndipo ilipo dhambi yake, na yeye mwenyewe huonyesha mahali hasa, kama fundi anavyoonyesha mshono ulipofumukia. Si kituo cha kwanza, pale aliombwa. Ni hiki cha pili. Alijua. Na alijua pia kwamba akisema neno moja watu kumi watageuka, waliokuwa wameingojea siku hii mwaka mzima, na yeye mwenyewe vidole vimekufa na kilele kimebaki mwendo wa saa mbili tu. Akajiambia, atafika. Huwa anafika.

"Saba!"

"Nipo," akasema kwa sauti nyembamba.

Safari hii Pasi hakucheka. Mstari ukasogea.

Kituo cha tatu. Upepo ulikuwa umekufa. Namba ziliitwa moja moja, zikajibiwa na watu waliochoka. Vifungo hakuangalia nyuma. Aliinua mkono kwenye pua.

"Saba!"

"Nipo."

Hakuwa amefungua mdomo. Sauti ilitoka nyuma yake, karibu, hatua moja tu. Faraja ilimshuka mwilini kama maji ya moto, hata machozi yakamtoka. Amefika. Mchelewaji mkubwa, amefika. Akaitikia nane yake kwa furaha, akaanza kupanda.

Alikwenda kama hatua kumi ndipo akili ilipoyafikia masikio.

Ile sauti ilikuwa nyembamba. Imebanwa puani.

Haikuwa ya Kola. Ilikuwa yake.

"Shoga?" alinong'ona, bila kugeuka.

Hatua ziliendelea nyuma yake. Zake zikisimama, nazo zilisimama. Na katikati ya hatua palikuwa na mlio mwingine, mdogo sana. Kitu chembamba kikiburutwa juu ya umande.

"Unataka chai?"

"Nipo."

Alichomoa chupa ya chai mkobani, akainyoosha nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka. Anasema shingo ilikataa. Chupa ilichukuliwa, taratibu, bila kidole kugusa kidole. Baada ya muda ikarudishwa kiganjani mwake. Ilikuwa nzito vilevile. Alipofungua kifuniko, ile chai, iliyomiminwa inachemka saa sita usiku, ilikuwa barafu mpaka mdomoni.

Akaifunga. Akapanda. Hakusali, maana hakukumbuka neno lolote isipokuwa namba.

Walifika kileleni mbingu inaanza kupauka. Watu walikumbatiana. Msimamizi alilia bila kuficha. Mstari wa dhahabu ulijitokeza ukingoni mwa mawingu, ukapanuka, na nyuso zikaanza kuonekana moja moja. Ndipo Vifungo akageuka.

Hapakuwa na mtu.

"Tuhesabiane kabla ya kushuka," mwongozaji alisema, akiwa amewaelekea, nuru imewapiga wote machoni. "Moja!" "Nipo." Akaruka tatu. Akafika sita.

"Saba!"

"Nipo."

Ilisikika katikati yao, wazi, nyembamba. Wote walikuwa wanaonana sasa. Hakuna mdomo uliotikisika. Macho yalimwendea Vifungo, kwa mazoea. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na mikono yote miwili iko mifukoni.

Mwongozaji aliacha kuita. Akahesabu kwa kidole, vichwa vya wenye namba. Akarudia. Kumi.

Waliteremka mbio. Juani umande ulikuwa haujayeyuka, na nyayo zao za usiku zilisomeka kama mshono. Mwongozaji alizifuata ameinama. Karibu na kituo cha tatu akasimama, akanyoosha kidole. Nyuma ya nyayo za Vifungo palikuwa na nyayo nyingine, na ubavuni mwake mchirizi mwembamba wa kamba iliyoburutwa. Zilipanda hadi kileleni. Kutoka kituo cha pili kushuka chini, hazikuwepo.

Kola alikuwa pale pale jiweni, ameketi, taa bado inawaka kichwani. Kiatu kimoja kilikuwa hakijafungwa. Daktari alisema alikufa kati ya saa tisa na saa kumi. Vifungo aliuliza kama haiwezekani kujua zaidi, kabla ya saa tisa na nusu au baada yake. Daktari alimtazama kwa huruma, akasema haiwezekani.

Mwongozaji alisimamishwa kazi. Alieleza ofisini kwake kwamba alihesabu kila kituo na saba iliitikiwa. Watu kumi waliulizwa, wote wakasema kweli, iliitikiwa. Hakuna aliyeongeza neno. Siri ya mtungi aijuaye kata, na pale palikuwa na kata kumi. Nisiwahukumu: kila mmoja wao alikuwa amewahi kucheka.

Siku ya nne baada ya mazishi walirudi kazini. Msimamizi alisimama mbele ya ubao, akaita, na kwa mazoea ulimi ukamteleza. "Saba!"

"Nipo."

Chaki ilimdondoka. Kesho yake aliruka makusudi, kutoka sita kwenda nane, lakini kabla hajatamka nane sauti ile nyembamba ilishaitikia. Na siku iliyofuata. Pasi aliacha mizaha. Akaja kwenye mashine ya vifungo wakati wa mapumziko, akachuchumaa.

"Dada, niambie si wewe."

"Si mimi."

"Na kule mlimani?"

Vifungo alitazama sindano yake. "Mara mbili za kwanza," akasema.

Pasi hakumlaani. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Na mimi nilijua. Ile ya pili nilijua." Kisha akaongeza, "Kuna mtu wa kuambiwa, na si mimi."

Jioni ile Vifungo alikwenda kwa mama yake Kola. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimesogezwa dirishani, beseni chini yake. Alimwamkia, akaketi sakafuni, akaeleza yote: jiwe, ile nuru isiyosogea, kituo cha pili. Hakujitetea. Akaeleza na la karakana.

Mama alitazama dirishani mpaka chumba kikaingia giza.

"Alikuwa akiniambia," alisema hatimaye. "Akichelewa nilikuwa nikimhurumia. Ananiambia, 'Mama, usiwe na wasiwasi, mwenzangu ananiitikia.' Akawa anakaa nami dakika tano zaidi." Akavuta pumzi. "Miaka minne mmemwambia mtoto wangu yupo, hata asipokuwepo. Nani amemwambia kwamba hayupo?"

"Hakuna, mama."

"Basi sikiliza. Kusamehe sijui bado; usiniulize leo. Lakini nimeamua mambo mawili. Yule mwongozaji ana watoto. Nenda ofisini kwao ukaseme ulichofanya, waandike, uweke dole gumba. Halafu mwambie msimamizi wenu aiite namba ya mwanangu sawasawa, naye aitikiwe kweli. Na mwenye kuitikia ni wewe. Ulianza, maliza."

La kwanza alilitimiza asubuhi na mapema. Karani aliandika kurasa mbili. Mwongozaji, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, alisimama alipomwona anatoka.

La pili alilitimiza kesho yake, saa moja na nusu. Mashine zote zilizimwa. Msimamizi aligeukia ubao.

"Sita!"

"Nipo."

"Saba!"

Vifungo alisimama. Hakubana pua. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, kabla ya mwingine yeyote, na mbele ya watu wote.

"Hayupo."

Hakuna kilichoitikia. Mtu mmoja alianza kulia polepole huko kwenye meza ya kukatia. Msimamizi alipitisha mstari wa chaki juu ya saba.

"Nane!"

Vifungo alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Nipo," ikasemwa ubavuni mwake, kwa sauti nzito ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi.

Na msimamizi, mgongo ukiwa bado umewaelekea, akaweka alama.