Papa Isidore Alipolegeza Nyuzi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima Rubens alipopanda pikipiki kwenda kumwona mgonjwa, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na sukari na fulana moja nyeupe. Kifuani mwa fulana palikuwa na picha ya Rubens mwenyewe, ameshika maikrofoni, meno yote nje. Hiyo ndiyo zawadi aliyoona inamfaa mtu anayekufa.

Rubens huyu, kama hamumjui, mama zenu wanamjua. Ndiye mwimbaji wa “Joëlle, Geuka”. Ni mzee sasa, lakini hataki kuambiwa. Nywele anazipaka rangi nyeusi mpaka masikio nayo yanachafuka. Alikuwa ametoka Lubumbashi kuja Kalemie kufanya konseti kubwa, akitegemea mji mzima usimame kumpokea. Badala yake alikuta redio ya mtaani inamshukuru mtu mwingine.

Wiki nzima walikuwa wakimsifu Papa Isidore, mpiga gitaa, mtoto wa Kalemie. Enzi za ujana wake Papa Isidore alifanya kazi katika studio moja ya Lubumbashi, akiwapigia waimbaji wote waliopita mlangoni. Nyimbo zote mlizochezea harusi zenu, mkono wake umo ndani. Jina lake halikuandikwa kwenye sahani ya santuri hata moja. Sasa watu walikuwa wakipiga simu redioni kumpa pole ya ugonjwa na aksanti ya miaka. Mama mmoja, muuza samaki, aliuigiza kwa mdomo ule mwanzo wa “Joëlle”, ti-ri-ri, ti-ri-ri, kisha akalia hewani.

Rubens aliyasikia hayo akiwa hotelini, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni. Hamu ya kula ikamtoka.

Ndiyo maana alikuwa kwenye pikipiki.

“Unaenda kwa ule muzee wa gita?” dereva akamwuliza, kichwa kimegeuka nusu. “Wanasema ana mambamuntu. Yule mwanamuke wa mu maji njo alimufundisha.”

Rubens akacheka peke yake. Uongo ule aliutunga yeye, zamani, pale Lubumbashi. Mpiga picha alikuwa amemweka Isidore katikati, na Rubens pembeni. Rubens akamnong’oneza mpiga picha kwamba yule kijana ana mke ziwani, mwenye mkia wa samaki, na picha yake huleta mikosi. Isidore akatolewa kwenye picha. Uongo ukapanda treni, ukafika Kalemie kabla yake.

“Maneno ya bule,” Rubens akajibu. “Endesha.”

Nyumba ilikuwa juu kilimani, mbali na maji. Mama Kapinga, mke wa Isidore, alikuwa uani anageuza samaki wa mikeke juu ya makaa. Alimtazama Rubens kuanzia viatu hadi nywele, akarudisha macho kwenye samaki.

“Yuko ndani,” akasema. “Usimuchokeshe.”

Chumba kilikuwa na taa moja ndogo. Papa Isidore alikuwa amelala chali, amekonda, gitaa limekaa juu ya tumbo lake. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea juu ya nyuzi, unabana hapa, unaachia pale. Wa kulia ulikuwa umelala. Hapakuwa na mlio wowote.

“Rubens,” akanong’ona. “Ulikuja.”

“Nilikuja, Papa Isidore. Tena nilikuletea kitu.” Akaifungua ile fulana, akaitandaza juu ya kiti ili mgonjwa aione vizuri. “Kesho kwa konseti utavaa hii. Watakubeba, watakukalisha nyuma yangu pale jukwaani. Watakupa mikro. Utasema neno moja tu: kwamba zile gita zote, ni mimi njo nilikuwa nakufundisha.”

Nje, mafuta ya samaki yalikuwa yanalia juu ya makaa.

“Ulinifundisha?”

“Tusigombane. Watu wanapenda hadisi.”

Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchukiza Rubens.

“Niambie tu,” Isidore akasema. “Sisi wawili, hakuna mutu anasikia. Gita yangu ilikuwa nini mu zile nyimbo?”

Hapa angeweza kusema lolote. Mtu mwenye haya angedanganya, na uongo wenyewe ungekuwa ukweli. Lakini Rubens hakuwa amelelewa hivyo.

“Chumvi,” akasema. “Hata bila chumvi, mutu anakula.”

Papa Isidore akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, kikaishia kwenye kikohozi.

“Basi,” akasema. “Nachukua yangu.”

Akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa umelala, akaushika ufunguo wa kwanza wa gitaa, ule wa kukazia uzi. Akaanza kuulegeza. Polepole... Uzi ukalia sauti nyembamba, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Midomo yake ikatamka jina la wimbo. Akashika ufunguo wa pili. Akatamka jina jingine. Kila uzi ulipolegea, taa nayo ilipungua kidogo.

Kisha ikaja harufu.

Tope. Tope bichi la ukingoni, na majani yaliyooza majini. Pale kilimani! Rubens akatazama chini. Sakafu ilikuwa kavu. Lakini chini ya kitanda palikuwa na mlio... cho, cho, cho... kama maji yanayolamba mtumbwi.

“Mama Kapinga!” akaita.

Isidore alikuwa amefika kwenye uzi wa mwisho.

“Joëlle,” akanong’ona.

Rubens hakungoja. Alitoka mbio, akamkanyagia Mama Kapinga beseni la bukari, ule ugali wa jioni, wala hakusema pole.

Chini, karibu na barabara ya soko, palikuwa na baa yenye bafle kubwa mlangoni, lile spika la kutetemesha kifua. Alisimama pale kutuliza moyo. Akaagiza bia. Mwenye baa alimtambua, akafurahi kama mtoto, akakimbia kumwekea wimbo wake.

Ngoma zikaanza. Besi likaingia.

Kisha pakawa na shimo.

Pale ambapo gitaa la “Joëlle” huingia na kukuinua kwenye kiti, hapakuwa na kitu. Ngoma ilikuwa inatembea peke yake kama mtu aliyeachwa na wenzake njiani. Halafu ikaja sauti ya Rubens, sauti yake ya ujana, iliyowaliza wasichana kutoka Kongolo hadi Moba. Ilikuwa uchi. Ilikuwa inapapasa kutafuta noti, inaikosa, inapanda, inateleza. Siku zote gitaa ndilo lililokuwa limeishika mkono, likiipeleka pale inapotakiwa. Sasa liliiachia.

Mlevi mmoja akacheka. Akafuata mwenzake.

“Ni nani huyu analia?” mmoja akauliza.

“Mashine yako imekufa!” Rubens akamfokea mwenye baa. “Weka ingine.”

Akaweka mwingine, halafu mwingine tena. Ngoma, besi, shimo. Na ndani ya shimo, sauti ya Rubens inalia kama mbuzi. Rubens akatoa simu yake, akafungua wimbo, akaibana sikioni.

Shimo.

Asubuhi habari zilimkuta hotelini: Papa Isidore amefariki alfajiri. Mtu mwingine angeahirisha konseti. Rubens alimwita Michée, mkubwa wa orkestra ya mji iliyokuwa imekodiwa, akamwambia wataanza mchana kama ilivyopangwa, na kwamba yeye atatamka neno moja la rambirambi, si zaidi.

“Papa Rubens,” Michée akasema kwa adabu, “watu wako kwa matanga. Na mimi ule muzee alinishikisha gita mara ya kwanza.”

“Sasa njo umulipe kwa kupiga vizuri.”

Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Jua lilikuwa kali, ziwa linang’aa, hapakuwa na kivuli cha kumficha jini yeyote. Michée alijaribu gitaa lake kwa kipande cha dini. Lilitoa sauti safi. Rubens akapumua. Akashika mikro, akasema ile rambirambi, fupi kama mtu anayelipia choo, kisha akaita: “Joëlle!”

Michée akapiga.

Vidole vilitembea. Nyuzi zilitetemeka, watu wa mbele waliziona zikitetemeka. Hapakutoka kitu.

Akachukua gitaa la pili. Likanyamaza vilevile. Akarudi kwenye kile kipande cha dini, kikalia. Akarudi kwenye “Joëlle”.

Kimya.

Michée akaondoa mikono juu ya gitaa kana kwamba lina moto. “Siyo mimi,” akanong’ona. “Papa Rubens... kuna mutu anashika nyuzi upande ule mwingine.”

Rubens akaimba hata hivyo. Ndivyo alivyo. Aliimba beti zote kwa ile sauti yake ya mbuzi, jasho jeusi la rangi ya nywele likimtiririka shingoni. Hakuna aliyezomea, na hakuna aliyerusha chupa. Mama mmoja alijifunga kitenge vizuri, akainuka, akasema kwa sauti ya kawaida, “Kumbe ilikuwa gita.” Akaenda zake. Wengine wakamfuata, familia kwa familia, wakapanda kilima kuelekea msibani.

Alibaki na viti.

Naye akapanda. Si kwa huruma, msimdhanie hivyo. Alienda kudai.

Uani palikuwa pamejaa. Wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa chini chini. Maiti ilikuwa imelazwa chini ya turubai, mikono kifuani, na gitaa lenye nyuzi zilizolegea kando yake. Mama Kapinga alikuwa amekaa kwenye mkeka. Rubens akachuchumaa karibu naye.

“Mama, alifanya nini?” akanong’ona. “Ni yule mambamuntu? Sema. Niende kwa nani?”

Mama Kapinga akamgeukia.

“Mambamuntu ni yako, Rubens. Wewe njo ulimuzaa. Mume wangu alifundishwa na kaka yake, na gita ya kopo la mafuta.” Akapangusa pua kwa ncha ya kitenge. “Lakini jana usiku nilisikia maji mu nyumba. Asubuhi nilikuta alama za mikono mibichi kwa ukuta. Siyo mikono ya mutu. Sijui ulimuita nani na ule uongo wako. Labda alikuja kuangalia yule ulimusingizia kuwa bwana wake.”

Rubens akaitazama ile maiti.

“Arudishe,” akasema.

“Mwombe yeye. Kwa sauti, wote wasikie. Sema gita yake ilikuwa nini.”

Uimbaji ukapungua. Macho yakageuka. Ilikuwa sentensi moja tu iliyotakiwa, na kila mtu pale uani alikuwa anaijua. Hata watoto wangeweza kumnong’oneza. Rubens akasimama. Akakohoa. Akaweka kola sawa.

“Papa Isidore...” akaanza. “Papa Isidore alikuwa mutu... alinisaidia kidogo.”

Kidogo!

Mama Kapinga akageuza uso.

Na hapo Rubens akaona. Ni yeye peke yake aliyeona, au ni yeye peke yake aliyekubali kuona. Vidole vya mkono wa kushoto wa maiti vilijikunja, vikabana kitu kisichokuwepo. Harufu ya tope ikapita uani. Halafu, masikioni mwake, gitaa likaanza.

Lilikuwa zuri kuliko lolote alilowahi kulisikia maishani. Wimbo ulikuwa mpya. Ulipanda kama mtu anayepanda ngazi akicheka, ukageuka, ukashuka, ukapanda tena kwa njia nyingine. Rubens akafungua mdomo. Mwimbaji ni mwimbaji. Akavuta pumzi, akangoja ile nafasi ndogo ambayo mpiga gitaa humwachia mwimbaji aingie.

Nafasi haikuja.

Kila alipodhani ndiyo hii, gitaa lilikuwa limeshapita pale, limejaza. Walimzika Papa Isidore kabla ya giza. Walipotoka makaburini walimkuta Rubens bado amesimama uani, mdomo nusu wazi, kidole kimoja juu, kama mtu anayesema “sasa”. Michée ndiye aliyemshika mkono akampeleka hotelini.

Huku Kalemie nyimbo zile bado zinapigwa. Shimo bado limo. Watu wamezoea kulijaza wenyewe: ikifika pale, baa nzima inaimba gitaa kwa midomo, ti-ri-ri, ti-ri-ri, wengine machozi yanawatoka, na ikifika sauti ya Rubens wanaanza kupiga soga. Michée hapendi kukaa baa hizo. Anasema kuna siku, wote wakiwa wamenyamaza, alisikia mdomo mmoja zaidi unaendelea, kutoka upande wa maji.

Rubens yuko Lubumbashi. Haongei na watu. Mwezi uliopita Michée alimpigia simu kumjulia hali, maana ni binadamu. Simu ikapokelewa. Hakuna aliyesema allo.

“Papa Rubens? Ni Michée. Uko salama?”

“Shhh...” sauti ikanong’ona. “Ngoja. Bado anapiga. Ananiachia nafasi sasa hivi...”

Michée alikaza sikio. Hakusikia gitaa. Alisikia tu mzee akivuta pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kuanza kuimba. Akaizuia... akaizuia... akaiachia.

Kisha akavuta nyingine.