Kufuli ya Mkono wa Chuma

Kila asubuhi Wakonyo alikama ng'ombe, akapika uji wa mwanawe Kihara na wadogo zake, kisha akatembea kutoka nyumbani Ruring'u hadi kiwanda cha maziwa. Kazi yake ilikuwa kupanga pakiti za maziwa ndani ya kreti. Jioni alirudi na mgongo unaouma.

Katikati ya miaka ya themanini, kiwanda kilileta roboti, mkono mkubwa wa chuma. Ulipanga pakiti wenyewe, bila kupumzika. Mumewe, Theuri, alisema amesikia kwenye redio kwamba huko Japani mikono kama hiyo inaunda magari. Wanawake wengi waliachishwa kazi. Wakonyo alibakizwa autunze mkono huo. Hakujua ashukuru au alie.

Kazi ilikuwa mpya, lakini uchovu ulikuwa ule ule. Pakiti zilipokwama, alizitoa haraka huku mtambo ukiendelea, kwa sababu msimamizi, Gicheru, hakupenda usimamishwe. Siku moja chuma kilimchana mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Mburugu, fundi wa mitambo kutoka Meru, alimfunga kidonda.

"Mama Kihara, hii mashine haikuoni," alisema. "Kwake, mkono yako na pakiti ni kitu moja."

"Nimechoka, fundi. Mtu akichoka anataka tu kazi iishe."

"Ndiyo sababu. Yenyewe haichoki. Wewe unachoka."

Alimwonyesha la kufanya. Kabla ya kuingiza mkono, zima stima kwenye swichi kubwa. Funga swichi kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwako, asikushikie mtu mwingine. Gicheru alinung'unika kwamba kazi itachelewa, lakini fundi alimpa Wakonyo kufuli.

Baada ya siku chache pakiti zilikwama tena. Wakonyo alizima, akafunga, akainama hadi mabega yakaingia ndani ya mtambo. Kingori, mwenzake, alirudi kutoka kunywa chai. Hakumwona. Alibonyeza kitufe cha kuwasha. Mtambo ulibaki kimya. Akabonyeza tena.

"Ati stima imepotea?"

"Haijapotea," Wakonyo alijibu kutoka ndani. "Nimefunga. Niko na ufunguo."

Kingori alipoona kichwa cha Wakonyo kikitokea katikati ya vyuma, alirudi nyuma. Akaketi juu ya kreti. Wakonyo akaketi kando yake. Gicheru alikuwa ameona yote. Hakuwahimiza warudi kazini.

Kesho yake kila mfanyakazi alipewa kufuli yake. Kazi haikupungua, na migongo iliendelea kuuma. Lakini tangu hapo, mtu alipotaka kuinama ndani ya mtambo, Gicheru ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza, "Umefunga?"