Aliyekula Ndani ya Faudhia

Otilia alibonyeza mguu uliovimba, akainua kidole. Kikabaki kishimo, kama kwenye donge la unga uliokandwa. Hilo alilitarajia. Hakutarajia vile vishimo vinne vipya upande wa pili, vya mkono mkubwa kuliko wake.

Akauliza nani amemshika pale. Faudhia akasema hakuna.

Hiyo ilikuwa hospitali ndogo ya binafsi Bagara, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, na kazi ya Otilia ilikuwa kuwapima wagonjwa kabla ya dawa ya usingizi. Faudhia, muuza vitambaa wa Maisaka, alikuwa na usaha pajani. Usipotolewa leo, mguu unakatwa. Aliapa hajala tangu jana, lakini pumzi yake ilinuka nyama mbichi.

Otilia akamshuku mama mkwe wa Faudhia, Mama Rashidi, aliyekumbatia kikapu bila kuutazama mguu hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamwita koridoni, akampa shikamoo yake, kisha akamwuliza amemlisha nini mgonjwa.

"Sijamlisha, mwanangu," mama akanong'ona. "Anayekula si yeye. Ukimlaza, yule atabaki macho."

Otilia alikuwa mtu wa kanisa, majini aliwaachia wenyewe. Hata hivyo aliogopa, tena sana. Akamshauri Dokta Anselimu, mpasuaji, watumie sindano ya mgongo: Faudhia afe ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, abaki macho akiongea nao. Daktari akakubali, maana mtu anayeshukiwa kula si wa kulazwa usingizi, asije akatapika na kupaliwa.

Dawa ikashika. Otilia akamchoma kwa pini vidoleni, magotini, mapajani. Hasikii. Akamwambia ainue mguu, akashindwa.

Lakini kisu kilipogusa ngozi, mguu ule mzito, uliovimba, uliokufa ganzi, ukajivuta taratibu, ukakunja goti, ukashuka ukingoni mwa kitanda hadi sakafuni, ukawa unapapasa saruji kwa vidole kama mtu anayetafuta kandambili zake alfajiri, huku kifua cha Faudhia hakitikisiki.

Hakupiga kelele. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Dada," alisema polepole, "mimi ndiye niliyekuwa namzuia yule huko chini. Sasa kwa ganzi yenu mmenitoa."

Mguu wa pili nao ukaanza kushuka.