Kiberiti Chenye Uzi Mwekundu

Jumamosi ile Irmgard alimpelekea mama yake dengu na tambi, kama kawaida yake. Ziwa lilikuwa limetulia, hata bata walikuwa wakisinzia. Ila jikoni kwa mama yake, Bibi Walburga, kulikuwa na baridi ya ghala, na jiko la kuni halijawashwa.

"Viberiti vimeisha tena, Mama? Si nilileta pakiti nzima juzi?"

"Alois kavichukua," mama akanong'ona. "Ndiyo kazi yake."

Alois alikuwa kaka yake Irmgard, mhudumu wa meli za angani, yale maputo makubwa yaliyokuwa yakiondoka hapa Friedrichshafen kuvuka bahari. Yalijazwa gesi inayoshika moto upesi, ndiyo maana alisimama penye ngazi na kikapu, akikusanya viberiti vya abiria. "Nitakupandisha siku moja, Mama," alizoea kutania. "Lakini hapandi mtu mpaka anipe kiberiti, hata kama ndiye aliyenizaa!" Kisha meli ikaungua, naye akiwa ndani. Lilibaki koti lake jeupe la kazi, lililokuwa limeachwa nyumbani lifuliwe. Msimu huu wa baridi mama alilitoa sandukuni, akalitundika karibu na jiko. Tangu siku hiyo viberiti havikukaa.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Irmgard alilijua hilo, lakini alimwona pia mama akikohoa, vidole vimekufa ganzi. Angekufa kwa baridi. Akamwita Bwana Stehle aje alichukue koti; alikuwa mkusanyaji wa kumbukumbu za meli hizo: vikombe, vifungo, hata vipande vya bati lililoungua.

Bwana Stehle aligeuza mifuko ya koti nje. Mitupu. "Nitalitunza kama yai, Bibi. Kabati la kioo, kufuli, na ufunguo nalala nao. Mke wangu ananionea wivu!"

Bibi Walburga hakucheka. "Atakuwa peke yake huko," alisema.

Koti lilipoondoka, Irmgard akawasha kiberiti alichotoka kununua. Jiko likashika mara moja. Mama akautazama moto, akalia kama aliyefiwa siku hiyohiyo.

"Umewaka. Basi ameondoka."

Irmgard akakizungushia kiberiti uzi mwekundu wa kufumia kisipotee, akakitia mfukoni mwa aproni ya mama.

Asubuhi alimkuta kitini. Kavaa koti lake la kanisani na kofia. Mkoba mapajani. Amekufa. Jiko lilikuwa baridi, kuni zimeungua nusu. Aproni ilikuwa msumarini, mfuko mtupu.

"Nilitaka upate joto tu, Mama," Irmgard alilia, akiisugua mikono ile iliyokauka. "Joto tu."

Adhuhuri Bwana Stehle akabisha hodi. Msiba hakuwa ameusikia.

"Kufuli halijaguswa," alinong'ona. "Ila mfuko wa koti ulikuwa umetuna."

Akafungua kiganja. Kiberiti, uzi mwekundu umekizunguka.

Irmgard alikipokea. Kilikuwa bado na joto la mkono.